Dawa Mbili, Kikombe Kimoja

Jumatano, 5 Juni

Mdogo wangu,

Leo asubuhi Profesa ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba damu ya Kasuku na damu ya Mzee zimekutwa na dawa zote mbili. Maabara ilipima tena kwa mashine nyingine na jibu likawa lile lile. Kati ya watoto hao wawili hakuna aliyepangiwa dawa mbili.

Nitaeleza upya mambo unayoyajua, kwa sababu nakala ya barua hii itasomwa na watu wasiotufahamu. Kasuku ni binti wa marehemu dada yetu. Mzee ni mwanao, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kukunja uso tangu alipozaliwa. Wote wawili wana kifafa, wote wawili wanalelewa kwa Mama, na wote wawili wamo kwenye utafiti wetu, ule anaouongoza Profesa, tangu Januari. Utafiti unalinganisha dawa mbili ambazo madaktari wamezitumia miaka mingi. Tunachotaka kujua ni ipi inayozuia degedege vizuri zaidi bila kumharibia mtoto masomo. Kompyuta ilipiga kura nani apewe ipi. Dawa zote ni za maji, rangi moja, ladha moja, chupa za aina moja. Kinachotofautiana ni namba iliyobandikwa. Mzazi hajui, muuguzi hajui, mimi sijui. Anayejua ni mfamasia mmoja tu, na haongei na mtu.

Kwa hiyo mtoto akikutwa na dawa mbili, watu wanajiuliza kwanza nani alichungulia. Wakishajiuliza hivyo, wanamtazama mwenye watoto. Wamenitazama. Nilitangaza undugu wetu tangu mwanzo, na nikakubali sharti la kutowagusa kabisa wale wawili. Leo hilo halikunisaidia.

Nimeondolewa kwenye utafiti mpaka uchunguzi utakapokwisha. Nimepelekwa wodi ya watoto. Siruhusiwi kukupigia simu wewe wala Mama. Kila neno liwe kwa barua, lisafiri na gari la sampuli, na nakala ibaki kwa Profesa. Na wewe ukijibu, usigundishe bahasha.

Nijibu haya. Nani anawapa dawa? Kila mtoto ana kibomba chake cha kupimia? Kuna siku chupa moja iliisha mkaazima ya pili? Chupa zao zote zimekuwa zikirudi kliniki na mabaki yanayotakiwa, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mpaka damu ilipopimwa.

Msikatishe dawa. Kifafa kikikatiziwa dawa ghafla kinarudi na hasira. Muuguzi wa kliniki atapita hapo nyumbani Ijumaa. Mwambieni ukweli. Siwezi kukutetea kwa jambo nisilolijua.

Dada yako,
Daktari

*

Jumamosi, 8 Juni

Dada, shikamoo. Na wewe Profesa, kama umefika mstari huu, shikamoo pia. Samahani kwa mwandiko, mkono umezoea ubao.

Muuguzi alikuja jana kama ulivyosema. Mama alimkaribisha, akampa kiti kile chenye mto, akamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja mpaka mwenyewe akasahau kilichomleta. Alipokumbuka, akauliza kuhusu dawa. Mama akasema, "Kila mtoto na chupa yake." Muuguzi akazikagua, akazichukua, akaacha mpya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuwa na la kuongeza.

Anayewapa dawa ni Mama, asubuhi na jioni, na hajawahi kusahau. Unamjua. Huyo ndiye aliyetunywesha dawa ya minyoo kwa ratiba mpaka nikaoa.

Sasa na mimi niulize. Huko kwenu mnapima damu za watoto wangapi kwa siku? Mimi nikisahihisha madaftari ya darasa zima, kuna mtu ninampa alama za jirani yake, na naapa sikudhamiria. Mashine nazo zinachoka. Kabla hamjamning'iniza mtu, hebu waulizeni hao vijana wa maabara.

Habari njema ni kwamba watoto hawajaanguka tangu Machi. Shida iliyobaki ni uvivu. Kasuku, yule tuliyekuwa tunamwomba apumzike kuongea ili na sisi tupate zamu, siku hizi anasinzia kwangu darasa la pili kama mlinzi mwenye ajira mbili. Nimekuwa nikimsimamisha nyuma ya darasa mpaka usingizi umtoke. Wenzake wanacheka, naye anajikaza. Sitaki waseme mwalimu anamdekeza mpwa wake. Mzee naye analala, lakini yeye yuko darasa la kwanza, kwa mwalimu mwenye huruma, anamlaza ofisini juu ya viti viwili. Nimemwacha. Mtoto mgonjwa.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko wodini wanakupa muda wa kula.

Mdogo wako,
Mwalimu

*

Jumatano, 12 Juni

Mdogo wangu,

Profesa aliniomba nisome barua yako kwa sauti mbele yake na mbele ya watu wawili wa kamati ya uchunguzi. Nilisoma vizuri mpaka aya ya watoto. Nilipofika "mtoto mgonjwa", niliiweka mezani nikaomba maji.

Wamelala watoto wawili. Mmoja ni mwanao, ukasema ni mgonjwa. Mwingine hana baba wala mama, ukasema ni mvivu. Uliandika yote mawili katika aya moja na hukuona kitu. Wenzangu waliona. Mmoja alifunga kalamu yake.

Sikiliza. Usingizi huo ni dalili. Dawa hizi mbili zikikutana mwilini, moja inaizuia nyingine kutoka. Ile inayozuiwa inaendelea kujilimbikiza, na mtoto anakuwa mzito. Anaweza kulala kwenye sahani. Anaweza kulala akitembea. Maabara haikuchoka. Watoto ndio waliochoka, na wewe unawaona kila siku.

Sasa nakuuliza moja kwa moja, na nisamehe kama nakosea. Mwezi wa pili Kasuku alikuwa ameshatulia na Mzee bado anaanguka. Uliniambia mwenyewe kwa simu, "Ya Kasuku inaonekana ndiyo dawa." Je, ulimpa Mzee dawa ya Kasuku, ukajazia pengo kwa dawa ya Mzee? Ingekuwa hivyo, chupa zingerudi na mabaki yale yale, na damu zingesema kinachosemwa sasa. Kila mtu hapa ameshafikia hesabu hiyo. Mimi nimechelewa kuifikia kwa sababu nimekulea.

Hata kama jibu ni ndiyo, liandike. Nitapata aibu, lakini watatibiwa.

Kasuku asisimamishwe tena hata mara moja. Profesa ameiagiza kliniki iwapokee wote wawili Jumatatu. Usisubiri Jumatatu ukiona wanazidi kuwa wazito.

Dada yako,
Daktari

*

Jumatatu, 17 Juni

Dada,

Barua yako niliipokea Ijumaa mlangoni mwa darasa, mkononi mwa dereva wa gari la sampuli. Sikuifungua palepale, maana nilikuwa nimembeba Kasuku na tulihitaji hilo gari.

Najua umeshaambiwa. Naandika ili iwepo kwa maneno yangu.

Nilikuwa naandika hesabu ubaoni. Yeye alikuwa nyuma, ukutani, mahali pake. Sikugeuka kwa sababu ya kishindo. Niligeuka kwa sababu darasa lilinyamaza, na darasa langu halinyamazi. Alikuwa amelala wima, magoti yakamwachia, kidevu kikagonga kona ya dawati. Meno mawili ya mbele, yale mapya aliyokuwa akiyaonyesha kwa kila mgeni, yamekatika. Ulimi umeshonwa. Watoto walidhani ni kifafa, wakafanya nilivyowafundisha: wakasogeza madawati, mmoja akavua sweta lake akamwekea kichwani. Wao walijua la kufanya.

Daktari wa kliniki anasema halikuwa degedege. Anasema mtoto alilala tu. Alirudia mara mbili, "Alilala tu, Mwalimu," kana kwamba ananifariji.

Jumamosi nilikwenda wodini, pale kliniki. Aliponiona naingia, akaanza kushuka kitandani. Nikamuuliza unakwenda wapi. Hawezi kuongea, kwa hiyo akaonyesha ukutani. Alitaka kwenda kusimama.

Yule muuguzi alikuwepo. Na mama mmoja wa kitanda cha pili, mwanawe nimemfundisha, aliona. Akageuza uso akaanza kukunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa.

Umeniuliza kama nilimpa Mzee dawa ya Kasuku. Sikumpa. Kitu kingine usiniulize, kwa sababu barua zinasomwa na wengi. Kama ni lazima mtu aandikwe, niandikeni mimi. Tayari sina cha kupoteza hapa mtaani, watoto wa darasa la pili wameshanitangaza bila gazeti.

Umesema umenilea. Ni kweli. Ndiyo maana swali lako limeniuma kuliko lingeulizwa na Profesa.

Mdogo wako

*

Jumatano, 19 Juni

Mwanangu, marahaba. Najua umeniamkia moyoni, ingawa barua zote unamwandikia mdogo wako kama mimi nimeshazikwa.

Nimezisoma. Alikuwa ananisomea akiruka mistari. Mtu anayesoma barua na kumeza mate kila mstari wa tatu anadhani sisi wengine ni viziwi. Nikavaa miwani yangu nikasoma mwenyewe. Mdogo wako hajui kudanganya, anajua kunyamaza tu. Hilo alilirithi kwa baba yenu.

Ni mimi.

Ulipokuja kutueleza huo utafiti, nilikuuliza ipi ni nzuri. Ukanijibu hivi, na nimeyashika maneno yako kama ulivyoyatamka: "Mama, inawezekana moja ya hizi ni bora kuliko nyingine, na hakuna mtu duniani anayejua ni ipi. Ndiyo maana tunapiga kura." Uliyasema vizuri sana. Nilijivuna.

Baadaye nikabaki nayo. Mtoto wa mwalimu akiangukiwa na ile bora, na yatima akapata ile nyingine, mama yake nitamwambia nini siku nikimkuta? Na yatima akipata bora, mke wa mdogo wako atanitazama kwa jicho gani tukikaa kula? Nyinyi mna kompyuta, mimi nina wajukuu. Nikawaza, mtu aliye na vyungu viwili jikoni na hajui kipi kimeiva vizuri, atawapigia watoto kura? Atachanganya, kila mtoto apate.

Basi nikachukua kikombe kimoja. Nilipima ya Kasuku kwa kibomba chake, nikapima ya Mzee kwa chake, nikakoroga, nikarudisha kila kibomba kwa kipimo kile kile. Hakuna aliyepunjwa hata tone. Chupa zikapungua sawasawa. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni tangu siku Mzee alipoanguka jikoni mwezi wa pili, akatulia, na wote wakatulia. Ungekuwa mimi ungeacha?

Muuguzi alipouliza nikasema kila mtoto na chupa yake. Chupa kweli walikuwa nazo. Lakini najua nilichofanya, nilikuwa na miaka mingi sijadanganya mtu aliyekaa kwenye kiti changu. Mdogo wako alifahamu siku hiyo hiyo. Alikuja jikoni muuguzi alipoondoka, akanikuta nakiosha kikombe. Akakitazama, akanitazama, akatoka nje. Amenyamaza kwa sababu mimi ni mama yake, na kwa kunyamaza kwake wewe umemwita mwizi wa dawa mbele za watu.

Utauliza kwa nini sikuacha ulipoandika barua ya kwanza. Uliandika msikatishe dawa. Nikasema kilichokuwa kikinywewa ndicho kisikatishwe. Nimeacha Ijumaa, nilipomwona Kasuku na damu kifuani.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Pale kliniki, kwenye benchi la kusubiri, wananiita Mama Daktari. Wananisogelea. Wanawake wawili waliniuliza, wenyewe ni majirani na kila mmoja ana mtoto kwenye utafiti, mbona mtoto wa mwenzangu anaendelea vizuri na wangu bado? Nikawaambia changanyeni, mimi ndivyo ninavyofanya. Walidhani maneno hayo yametoka kwako. Sikuwakatalia. Ilinipendeza wadhani hivyo. Mtu mzima na mvi zangu, nilipendezwa kusikilizwa.

Mpe Profesa barua hii. Nakala sikuandika, mkono unauma.

Mama yako

*

Jumatano, 26 Juni

Mama, shikamoo.

Profesa aliisoma barua yako akiwa amesimama. Alipofika kwenye kikombe akakaa. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kukaa nayo siku moja, nikamkubalia.

Yaliyofanyika tangu hapo ni haya. Muuguzi amewatembelea wale wanawake wawili. Wote wamekiri, na mmoja alilia kwa sababu alifikiri anafuata agizo la hospitali. Amepatikana na wa tatu, aliyesikia kwao, mwenye watoto wawili kwenye utafiti. Mfamasia amefungua namba za watoto wao pamoja na za Kasuku na Mzee. Wote wametolewa kwenye ulinganisho. Wanatibiwa na daktari wa kliniki kwa dawa moja moja inayojulikana jina, na kipimo cha ile ya pili kinashushwa polepole. Mtoto mmoja wa mwanamke wa tatu alianguka wiki iliyopita na akalazwa. Amezinduka, anakula. Hakuna aliye hatarini leo. Utafiti unaendelea kwenye kliniki nyingine, na taarifa yake itaeleza kilichotokea hapo kwenu na kwa nini. Hakuna jina litakaloandikwa.

Kuhusu mimi, kamati imeandika kwamba sikufungua siri yoyote na naweza kurudi kazini. Nimeomba nisirudi kwanza. Nikueleze sababu, maana Profesa amenielewa nusu.

Maneno yale uliyoyashika ni yangu. Ndiyo yaliyo kwenye karatasi ya ridhaa anayosomewa kila mzazi kabla hajakubali. Niliyatunga mimi, nikasifiwa kwamba hata asiyesoma anayaelewa. Ni kweli yanaeleweka. Wewe uliyaelewa, ukayafuata mpaka mwisho, ukafika jikoni. Katika karatasi ile nzima hakuna mahali palipoandikwa "msichanganye." Halikunijia akilini. Mimi nimetibu watoto wengi, lakini sijawahi kuwakalisha wawili mbele yangu nikawagawia kitu kimoja huku kila mmoja akitazama mkono wangu.

Hilo ni langu. Lako nalo nitalisema, kwa sababu ukinikuta nalikwepa utanidharau. Ulimdanganya muuguzi. Ungesema kweli siku ile, Kasuku angekuwa na meno yake.

Na kwa mdogo wangu. Nilimtuhumu kwenye karatasi yenye nakala. Nimemwomba Profesa nakala hiyo iondolewe, akanijibu kwamba hakuna kinachoondolewa kwenye uchunguzi. Naweza tu kuongeza. Nimeongeza ukurasa mmoja kusema kwamba nilikosea na kwamba nilimdhania tu, bila ushahidi. Nimeutia sahihi. Zote mbili zitakaa pamoja kwenye kabati, miaka yote inayotakiwa na sheria.

Kuna jambo Profesa analiomba, na mimi naliomba pia. Kwenye benchi lile bado kuna akina mama wanaoamini kwamba kuchanganya ni siri ya wenye bahati. Muuguzi amewaambia sivyo. Mmoja wao akamjibu, "Mama Daktari mwenyewe anachanganya, wewe ni nani?" Wanahitaji kusikia kutoka kwako. Ukikubali, nitakuja kukaa karibu yako.

Binti yako

*

Jumapili, 30 Juni

Dada, shikamoo.

Ukurasa wako wa nyongeza nimeuona, dereva alileta nakala. Nimeupokea.

Mama amekataa. Tangu barua yako ifike hatoki nje ya lango. Ameacha hata kwenda dukani, anamtuma mke wangu kununua chumvi. Jana nilimwambia, Mama, watu watasahau. Akasema, "Watu wanasahau deni lao, aibu ya mwenzao wanaitunza." Nikamwambia akina mama wa benchi wanamngoja. Akasema, "Sina uso wa kukaa pale."

Mzee ameamka. Sina neno lingine. Amerudia kukunja uso, ameanza kuniuliza maswali mezani, jana aliniuliza kwa nini mwezi hauna miguu na bado unatufuata. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti.

Kasuku amerudi nyumbani tangu Alhamisi. Nyuzi zimetolewa. Anaongea, lakini anafunika mdomo kwa kiganja, na shule hataki. Sikumlazimisha. Jana mchana nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, nikakaa ngazi ya chini yake. Nikamwambia nilikosea, nilimwita mvivu na alikuwa mgonjwa, na nilimtendea tofauti na Mzee. Nikamwomba radhi. Nilidhani atalia au atanyamaza. Aliniuliza, "Mjomba, uliniita mvivu wapi?"

Nikasema darasani.

"Mbele ya nani?"

Nikasema mbele ya wenzako.

"Basi kaseme huko huko. Hapa hata hawasikii."

Dada, nimesimama mbele ya watoto miaka kumi na sita. Sijawahi kuogopa darasa. Nimezungumza na mwalimu mkuu. Yeye alinishauri nimtoe tu Kasuku kwenye darasa langu, jambo liishe kimyakimya. Anasema mwalimu akiomba radhi mbele ya watoto hatapata tena utulivu. Nimemwambia utulivu wa darasa langu ninaujua ulivyo, niligeuka ubaoni nikaukuta. Nitasema Jumatatu ya tarehe nane, mstarini, shule nzima ikiwepo. Kasuku amesema atakuja kusikiliza, kisha ataamua kama anaingia darasani au anarudi nyumbani. Nimemwambia ni haki yake.

Mama alikuwa dirishani muda wote ule. Leo tulipokuwa tunakula akasema tena kwamba hana uso wa kwenda kliniki. Kasuku akatoa kiganja mdomoni, akasema, "Bibi, mimi sina meno, wewe huna uso. Twende hivyo hivyo."

Mke wangu aliinama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka. Mama alimaliza kula. Kisha akamtuma Mzee amletee kile kitenge chake cha kutokea, akakitazama kama kimeliwa na nondo.

Andika siku.

Mdogo wako,
Mwalimu

*

Jumatano, 3 Julai

Mdogo wangu, na Mama, maana najua unasoma mwenyewe,

Profesa ameidhinisha leo. Kamati ya maadili imeyapitisha maneno mapya ya karatasi ya ridhaa, isipokuwa sentensi moja. Niliandika, "Usimpe mtoto mmoja dawa ya mwingine, hata kama unawapenda sawa." Mjumbe mmoja alitaka sehemu ya mwisho ifutwe, akasema haina utaalamu. Tumebishana. Wameamua akina mama wa benchi wasomewe kwanza, waseme kama ibaki.

Mama, hutasimama. Utakaa kwenye benchi unapokaa siku zote. Utaeleza ulivyofanya, ulivyomjibu muuguzi, na kilichompata Kasuku. Yule mwanamke wa tatu atakuwepo pamoja na mwanawe aliyelazwa; ameomba akuulize swali moja na hakutaka kuniambia ni lipi. Sitalijibu kwa niaba yako. Ukimaliza, nitasoma maneno yangu ya zamani, nitasema yalipopungua, kisha nitasoma mapya.

Mwalimu, nimepewa ruhusa ya siku mbili. Nitafika Jumatatu alfajiri na gari la sampuli, kabla kengele haijagongwa. Nitakaa nyuma ya mstari wa darasa la pili. Kama Kasuku ataamua kurudi nyumbani, nitarudi naye.

Kasuku na Mzee watatolewa damu siku ya kliniki. Wapewe dawa jioni ya Jumatatu kama kawaida, kila mmoja yake, na ile ya asubuhi wasipewe mpaka muuguzi amalize kuchukua damu.

Kliniki ni Jumanne, tarehe 9 Julai. Milango inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Dada yako,
Binti yako